Kanga na Mlango wa Kuinamia

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa ghala.

Pakawa mlango.

Mlango wa nini?

Sema wewe, sisi tumekaa.

Basi kaeni vizuri. Na wewe uliyeegemea gunia usilale, maana hadithi yenyewe ni ya chakula.

Hapo kale, wanyama wa nchi ya Usere walikuwa na ghala moja la wote. Kila baada ya mavuno, kila nyumba ilipeleka pishi moja ya mtama. Tembo alipeleka pishi moja. Panya naye alipeleka pishi moja, akinung'unika njia nzima, lakini alipeleka. Aliyepatwa na njaa alikwenda ghalani, akapimiwa kibaba, robo ya pishi, akarudi kwake kupika. Hakuulizwa neno.

Kanga alikuwa hodari wa kupeleka. Yeye na mumewe walilima kule mlimani, na pishi yao ilifika ikifurika. Akishaimimina, alisimama kando kutazama nani anachukua. Hakupenda alichokiona.

"Jasho langu hilo," alikuwa akisema, "linaliwa na wavivu."

Msimu mmoja Ngiri akafumaniwa. Amechukua vibaba viwili, na kwake ana mtungi umejaa mtama hadi shingoni! Nchi nzima ikachafuka. Likaitwa baraza, na Kanga akapanda juu ya kichuguu, akapiga kelele:

"Wakaguliwe! Wakaguliwe! Wakaguliwe!"

Tembo, aliyekuwa mkuu wa baraza, akasema, "Haya, wakaguliwe."

Wakachaguliwa wakaguzi watatu. Korongo wa kukagua maneno, Nguchiro wa kukagua nyumba, Kima wa kukagua matumbo. Na kwa kuwa mkaguzi hawezi kufanya kazi na njaa, kila mmoja akakatiwa pishi moja kwa wiki, kutoka mle mle ghalani. Mlango nao ukafupishwa, ili anayekuja kuomba aingie ameinama. Hilo la mlango lilikuwa wazo la Kanga mwenyewe. Siku hizo alikuwa na manyoya mazuri kichwani, na hakudhani kuwa ipo siku ataupita mlango huo.

Mwaka haukuisha. Tai akamchukua mumewe. Kisha moto ukapita mlimani ukala shamba lote, siku tatu kabla ya kuvuna. Kanga akabaki na vifaranga saba na chungu kitupu. Akavumilia siku ya kwanza, akavumilia ya pili, ya tatu akashika njia ya ghalani. Akainama, akapita, na manyoya machache ya utosini yakabaki kwenye boriti. Akaimba:

*Pishi nilileta, nilileta ikifurika,*
*Kibaba naomba, wanangu wamechoka.*

Korongo akamsikiliza kwa mguu mmoja.

"Pole, Bi Kanga. Shamba limeungua, unasema?"

"Limeungua, Mzee Korongo."

"Ushahidi?"

Kanga akarudi mlimani, akaleta jivu kwenye jani. Korongo akatoa shingo mlangoni, akalinusa, akaligeuza.

"Jivu ni jivu, mama. Nitajuaje kama si la jikoni kwako? Ngoja Nguchiro aje akague nyumba."

Nguchiro alikuja baada ya siku nne. Vifaranga walikuwa wamelala mchana kweupe, midomo wazi. Nguchiro akatazama chini ya kitanda, akatazama darini, akatazama jikoni.

"Na hiki?"

"Chungu, bwana."

"Mwenye chungu huyo ni mpishi, na mpishi ana cha kupika."

"Kitupu, bwana! Tazama ndani!"

"Mimi nimetumwa kutazama vitu, sikutumwa kutazama ndani yake. Nenda kwa Kima."

Kanga akaenda kwa mara ya pili. Akainama, akapita, manyoya mengine yakabaki kwenye boriti. Akaimba:

*Pishi nilileta, nilileta ikifurika,*
*Kibaba naomba, wanangu wamechoka.*

Kima akaweka sikio tumboni mwa Kanga.

"Tumbo lenye njaa hunguruma mara tatu," akasema. "Tusikilize."

Likanguruma mara moja. Likanguruma mara mbili. Wakangoja, wakangoja. Tumbo likanyamaza, kwa kuwa halikuwa na nguvu ya kunguruma tena.

"Mbili," akasema Kima. "Umekaribia sana, Bi Kanga. Jaribu kesho."

Alipofika nyumbani, vifaranga sita walimpokea. Wa saba, kitindamimba, alikuwa amelala na hakuamka. Kanga akachimba kwa kucha zake mwenyewe, akamfukia, akalia hadi sauti ikakwaruza. Ndiyo hiyo mnayoisikia kwa kanga mpaka leo.

Kesho yake akarudi ghalani mara ya tatu. Akainama, akapita, na manyoya yaliyosalia yakabaki yote kwenye boriti. Safari hii hakuimba.

"Sikuja kuomba kibaba," akasema. "Nimekuja kuomba kazi ya ukaguzi."

Wale watatu wakatazamana. "Unaijua kazi hii?"

"Mimi ndiye niliyesema wakaguliwe."

Wakafurahi mno. Kazi ilikuwa imewazidi, na huyu wanamjua, mwenye msimamo. Kima akachota pishi nzima, akampa palepale. Hakuulizwa jivu. Hakuulizwa chungu. Hakuna aliyeweka sikio tumboni mwake.

Vifaranga sita wakala, wakasimama.

Asubuhi iliyofuata Kanga akaketi mlangoni pa ghala. Akaja Pimbi, mzee asiye na mtoto.

"Una njaa?"

"Nina njaa."

"Pita."

Akaja mjane wa Paa. "Una njaa?" "Nina njaa." "Pita." Akaja Kobe aliyevunjika gamba. "Una njaa?" "Nina njaa." "Pita."

Wakaguzi watatu wakakimbia kwa Tembo, wanahema. "Mkuu, anagawa bila kukagua! Ghala linakwisha!"

Baraza likaitwa. Tembo akawageukia wale watatu.

"Tangu muanze kazi, kuna asiyestahili aliyekula?"

"Hata mmoja, mkuu!" wakajibu kwa fahari. "Hata mmoja!"

Kanga akauliza, "Na aliyestahili akakosa?"

Korongo akabadilisha mguu. "Hilo hatukuagizwa kulitazama."

"Kwangu alikuwepo mmoja," akasema Kanga. "Na kelele za kuwaweka ninyi nilizipiga mimi, juu ya kichuguu kile pale."

Baraza zima likatazama chini. Tembo akaenda mwenyewe, akaingiza mkonga ghalani, ukagusa sakafu mapema kuliko alivyotarajia.

"Ngiri aliiba vibaba viwili," akasema. "Ninyi mmekula pishi ngapi?"

Nguchiro ndiye aliyejikaza. "Lakini tukiondoka, mkuu, wavivu watarudi."

"Watarudi," akasema Tembo. "Ngiri atakuja."

"Nitakuja," akasema Ngiri kutoka nyuma. Kwa hilo angalau alikuwa mkweli.

Wakabishana hadi jua likawa utosini, na wengine hawakuridhika, na mpaka leo hawajaridhika. Lakini wakaguzi walipewa majembe, wakaambiwa walete pishi kama wenzao. Mlango ukainuliwa. Ngiri huja kila msimu, huchukua vibaba vyake viwili, watu wote wakimtazama, naye huwasalimu mmoja mmoja.

Kanga bado hupeleka pishi ikifurika. Huimimina, hugeuka, huenda zake, hatazami nani anachukua. Ila salamu ya Ngiri haiitikii, hilo limemshinda. Na manyoya ya kichwani hayakuota tena. Kwa hiyo ukimwona na kipara chake, usimcheke. Mlango ulikuwa wake.

Funzo lake, wanangu, ni hili. Mkiogopa mno mtu mmoja asile cha bure, mtawalisha wa kumkagua, na mwenye njaa mtamzika.

Hadithi yangu nimeiinamisha, imepita mlangoni, haipo tena kwangu. Aliyeshiba aniletee maji. Mwenye njaa asinieleze sababu, sahani ile pale.