Jiwe Hupimwa, Damu Je?

Katika machimbo ya Segese hakuna aliyekuwa mwangalifu na mbishi kwa pamoja kama Masalu. Kabla ya kushuka kwenye duara lolote, yaani shimo la dhahabu, alitwanga kipande cha jiwe kwenye kinu cha chuma, akakiosha kwenye karai, akakodoa macho kama paka aliyesikia panya. Asipoona mstari wa manjano, hakuchimba hata umpigie magoti. Wenzake walimtania kwamba hata ugali wa mkewe huuosha kwanza ndipo aule.

Mwili wake, lakini, aliuamini bila kipimo. Miezi mingi mkojo ulimtoa duarani kila mara, naye akasingizia baridi ya chini. Mwishowe Paskazia, mkewe, alimkokota kama ng'ombe mgomvi hadi kituo cha afya cha Nyasubi, wanaume walikokuwa wakipimwa tezi dume. Damu ikachukuliwa.

Muuguzi Hosiana alimpa shikamoo, kisha akamweleza kwamba kiashiria cha maradhi ya tezi dume kimepanda mno katika damu yake. Hiyo si hukumu, alisema, bali ni ishara; lazima ithibitishwe kwa kipande kidogo cha tezi lenyewe. Masalu akajibu kwamba haumwi popote, na duara lake limekaribia mwamba wenye dhahabu. Angekwenda baada ya uzalishaji, dhahabu ikishatoka.

Paskazia akacheka.

"Baba Nelly, jiwe la ukubwa wa ngumi linakuaminisha duara la mita arobaini. Leo damu yako imeoshwa, kitu kimeonekana kwenye karai, wewe unabisha. Duara hili likititia, nitakuvuta kwa kamba gani?"

Masalu, bingwa wa majibu, akaomba barua ya rufaa. Kesho yake wakapanda basi la Mwanza kwenda hospitali kubwa.

Kweli ilikuwa saratani, ila ilikuwa bado imejikunyata ndani ya tezi. Alitibiwa kwa mionzi. Kila baada ya miezi kadhaa damu ilipimwa tena, na kiashiria kile kile kikawaonyesha madaktari kwamba tiba imeshika: kilishuka kama maji ya lambo wakati wa kiangazi.

Mwaka uliofuata alirudi Nyasubi na debe la mchele na jogoo mwenye hasira.

"Ahsante, mwanangu," alimwambia Hosiana. "Jogoo ni wako. Hawa ni wa kupima."

Nyuma yake walipanga foleni wanaume saba wa duara lake, wamenuna kama waliolishwa mwarobaini. Alikuwa amewakatalia kushuka hadi wapimwe. Paskazia aliwatazama, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mwenye busara hangoji kulowa ndipo atafute paa, kwani dalili ya mvua ni mawingu.