Kunguru Aitwa Kutoa Ushahidi Dhidi ya Popo

Zamani za kale hizo, wanyama walipokuwa na nyumba na mitungi yao, watoto wa kijiji kizima waliugua tumbo. Sababu? Hakuna aliyeijua. Fisi hakungoja kuijua.

“Ni Popo!” akabweka. “Wanalala kichwa chini, hawali tunachokula, si ndege si wanyama. Wametia sumu kisimani!”

Mkuu wa kijiji, Nyati, akaamuru: akipatikana shahidi mmoja tu, pango la Popo litatiwa moto jua likifika utosini. Na humo pangoni, wanangu, mlikuwa na vichanga arobaini.

Fisi huyo, mbio, hadi kwa Bi Kunguru.

“We mweusi! Fungua!”

“Kwangu hodi hutangulia matusi, bwana.”

“Sema ulimwona Popo akimwaga sumu. Ukisema, hutachota tena maji ukiwa wa mwisho. Utachota nyuma yangu mimi!”

Kunguru akamtazama. Mwaka jana Fisi huyuhuyu alisema manyoya meusi yanachafua kisima, ndiyo maana akawekwa mwisho wa foleni. Akaimeza hasira yake.

“Nitakuja barazani. Na ushahidi nitauleta.”

Fisi alipoondoka, Kunguru akaruka, puruu! hadi pangoni. Bi Popo alikuwa akiwafunga wanawe kifuani.

“Shoga, nimesikia umekubali!”

“Nimekubali kwenda. Nipe vibuyu viwili.”

“Wakikugeuka je?”

“Watanigeuka hata nikinyamaza. Vibuyu, haraka!”

Jua likakaribia utosini. Baraza lilikaa mbele ya pango la Popo, na kuni zilishapangwa mlangoni. Fisi ameshika kijinga cha moto, miguu inamwasha.

Kunguru akatua katikati ya umati na vibuyu vyake. “Kimoja kina maji safi. Kingine kina sumu ya Popo. Lakini mweusi mimi nani ataniamini? Bwana Fisi mwenye pua yake atuambie.”

Fisi akavimba kichwa. Akanusa cha kwanza, fuu! Akanywa. “Matamu!” Akanusa cha pili, akakitupa mbali. “Mama yangu! Sumu! Kinanuka Popo kabisa!”

“Una hakika?”

“Naapa kwa meno yangu!”

Kunguru akageuka. “Bi Fisi, maji haya nimeyapata wapi?”

Mke wa Fisi, aliyekuja kutazama moto, akajibu palepale: “Si nimekumiminia mwenyewe? Vibuyu vyote viwili, mtungini mwetu! Ulisema bwana anayataka barazani.”



Kijinga kikaanguka, ti! “Nilikosea kibuyu,” Fisi akanong’ona.

Nyati akakohoa, akatazama kwato zake. Radhi hakuomba, mwoga yule. Bi Popo akatoka na wanawe, akaenda kisimani bega kwa bega na Kunguru, wakachota wa kwanza. Foleni nzima ikangoja.

Ukimsaidia mwonevu kumfunga jirani yako, kamba inayobaki ni yako.