Ndama wa Kwanza wa Kaniki

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa kiwele kimejaa!
Nani akikame?
— Mwenye mikono safi!

Basi nawieni mikono, msogee. Hadithi inakuja na utamu wake, na uongo wake kidogo wa kukolezea.

Hapo kale, si kale ya mababu, ni kale ya juzi tu, huko milimani Upareni ambako shamba limelala ubavu na mtu hulima huku amejishikilia mgomba, palikuwa na mama jina lake Nakunda. Mumewe alishafariki. Watoto wake walishaoa na kuolewa mbali. Alibaki na migomba yake, kuku wanne, na sauti yake mwenyewe.

Kijiji kile kilikuwa na kikundi cha akina mama. Siku moja wakaja wageni wa shirika kutoka mbali, wakakaa na akina mama, wakasikilizana. Wageni wakaleta mitamba watano wenye mimba. Na akina mama walikuwa ishirini. Mitamba watano, wanawake ishirini! Ninyi mngefanyaje?

Wao wakaweka sheria: uliyepewa, mpe mwenzio. Ndama jike wa kwanza si wako, ni wa yule anayekufuata kwenye orodha. Akizaliwa dume, ni mchuzi wa kikundi siku ya mkutano mkubwa, na mwenzio asubiri uzao mwingine. Wote wakakubali. Wote wakapiga vigelele. Ulimi hauna mfupa, wapendwa. Kusema kwepesi.

Nakunda akapewa ng'ombe mweusi tii, akamwita Kaniki. Na aliyemfuata kwenye orodha alikuwa nani? Alikuwa Foibe, jirani yake wa mpakani.

Sasa sikilizeni. Nakunda na Foibe walikuwa hawajaombana chumvi miaka saba. Sababu ni maji. Mfereji wa kijiji hugawa maji kwa zamu, na asubuhi moja ya zamu ya Nakunda, maji yakaonekana kwenye maharage ya Foibe.

"Umeniibia maji," akasema Nakunda.

"Maji yana miguu," akajibu Foibe.

Basi. Miaka saba.

Foibe aliposikia kwamba yeye ndiye anayemfuata Nakunda, akajenga banda. Akapanda majani ya tembo, chakula cha ng'ombe, kwenye matuta matatu. Banda halikuwa na hata mbuzi, lakini kila asubuhi alilifagia. Watu wakipita wanacheka: "Foibe anafuga upepo!" Foibe anafagia. Wanacheka tena, anafagia tena.

Siku zikaenda, Kaniki akashikwa na uchungu. Ilikuwa alfajiri, mvua inanyesha. Jua likatoka, bado. Jua likapanda, bado. Kwato mbili zimetokeza, kichwa hakiji. Nakunda akavua viatu, akajizatiti, akavuta. Kaniki akisukuma, naye anavuta. Kaniki akipumzika, naye anapumzika. Ndama akaanguka majanini, pu! Hapumui.

"Hapana," akasema Nakunda. "Wewe hapana. Hujanisumbua asubuhi nzima uje uniage."

Akamfuta pua. Akamtekenya pua kwa unyasi. Akavua kanga yake ya mabegani, akamsugua kifua, akamsugua, akamsugua. Ndama akapiga chafya! Uso wake ulikuwa mweupe kama chaki, na Chaki likawa jina lake. Alikuwa jike.

Mkitaka kujua mapenzi yalivyoingia, yaliingia hapo. Chaki akajifunza kusimama akijiegemeza kwenye goti la Nakunda. Akajifunza kumfuata jikoni. Nakunda akipika, Chaki amelala kando ya kuni anamtazama. Mtu aliyezoea kuongea na sufuria, leo amepata wa kumsikiliza.

Mwenyekiti wa kikundi akaja, yeye na Foibe.

"Hodi, mama Nakunda! Tumesikia Kaniki kazaa. Jike au dume?"

"Amelala," akasema Nakunda. "Msimwamshe, bado mchanga."

Wakarudi. Baada ya siku tatu wakaja tena.

"Hodi! Jike au dume?"

"Ana homa. Bwana mifugo kasema asisogelewe."

Bwana mifugo! Hata hakuwa amefika. Wakarudi tena. Usiniangalie hivyo, mama uliyekaa pale. Wewe hujawahi kuficha kitu unachokipenda?

Nakunda akajua mara ya tatu hawatarudishika. Akakimbia kwa shemeji yake Mbazi, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ng'ombe wake alikuwa amezaa dume wiki hiyohiyo.

"Shemeji, niazime ndama wako kwa siku moja tu."

"Ndama huazimwa, shemeji? Ndama ni jembe?"

"Nitakupa mkungu wa ndizi."

Mbazi alipenda ndizi. Akampa.

Mwenyekiti na Foibe wakaja mara ya tatu. Chaki alikuwa jikoni, mlango umefungwa. Bandani, kando ya Kaniki, lilisimama dume la Mbazi.

"Ni dume," akasema Nakunda, macho ameyainamisha. "Ndiyo bahati yetu. Pole, Foibe."

Dume likasogelea kiwele. Kaniki akalinusa mara moja. Akalinusa mara ya pili. Akalipiga teke likaangukia pumba. Kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni, akalia: "Mbooo!"

Foibe akamtazama Kaniki. Akautazama mlango wa jikoni. Akamtazama Nakunda, ambaye ghafla alianza kuwaita kuku. Foibe akamgeukia mwenyekiti. Alisema hivi tu:

"Mwenyekiti, sheria inasemaje? Dume ni mchuzi wa kikundi. Jumamosi si ndio mkutano mkubwa na wageni wetu? Basi nimchukue leo, nimnenepeshe. Banda ninalo."

Lo! Hilo Nakunda hakuliwaza. Njia ya mwongo ni fupi. Akasimama na mikono yake miwili, akatazama ndama wa watu akiondoka kwa kamba.

Au tuseme, ndama akamwondoa Foibe. Maana dume lile lilikuwa na nguvu, likamkokota Foibe katikati ya maharage, leso huku, kiatu kule.

Jioni Mbazi akaja. "Shemeji, ndama wangu."

"Kesho, shemeji."

Kesho yake akaja. "Shemeji, ndama wangu."

"Kesho, shemeji."

Ijumaa akaja amevaa kofia ya kanisani, kama mtu aendaye kwenye kesi. "Shemeji, nimesikia kijijini watu wanaosha masufuria. Wanasema kesho kuna mchuzi wa ndama. Ni mchuzi wa ndama gani?"

Nakunda akakaa kwenye kigoda. Chaki akaja akamlamba kiwiko. Nakunda akamshika ule uso mweupe, akalia kidogo. Kisha akafunga kanga yake vizuri, akavuka mpaka. Miaka saba mguu wake haukuwa umekanyaga kule.

Akamkuta Foibe amesimama nje ya banda, ameshika majani kwa ncha ya fimbo ndefu, anamlisha ndama kwa mbali.

"Foibe."

"Nakunda. Karibu."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Kaniki aliporusha teke. Ng'ombe hajafundishwa kusema uongo."

"Mbona hukunisema mbele ya mwenyekiti?"

Foibe akaiweka fimbo chini. "Ningekusema, ningeondoka na ndama siku ileile. Halafu? Nani angenifundisha kukama?" Akasogea karibu, akashusha sauti. "Nakunda, mimi naogopa ng'ombe. Naogopa hata huyu. Nimejenga banda, nimepanda majani, nimechekwa miezi yote hii, na usiku nauota mguu wa ng'ombe unanijia."

Nakunda akajizuia. Akashindwa. Akacheka mpaka akashika nguzo. Foibe naye akacheka, akijifuta macho.

"Na yale maji," akasema Foibe kicheko kilipotulia, "niliyageuza mimi. Nilijua ni zamu yako. Maharage yangu yalikuwa yanakufa."

Nakunda akayatazama maharage. "Ungeniambia tu yanakufa."

"Ndiyo. Ningekuambia."

Jumamosi, mbele ya akina mama wote na wageni wao, Nakunda akasimama. "Jamani, Kaniki alizaa jike. Nilimficha jikoni. Mniadhibu mnavyotaka, lakini mumrudishie shemeji yangu ndama wake, amenyonyoka nywele kwa wasiwasi."

Wengine wakacheka, wengine wakanuna. Mwenyekiti akamwadhibu kufagia uwanja wa mkutano mwezi mzima. Siku hiyo walikula makande. Mbazi akaenda kulichukua dume lake, likakataa kutoka. Siku tatu za maziwa ya kununua na majani ya Foibe zilikuwa zimelilevya. Akalisukuma kwa nyuma mpaka nyumbani.

Chaki alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo wakakubaliana abaki kwa mama yake mpaka aachishwe. Kila asubuhi Foibe akaja na mzigo wa majani kichwani, maana Nakunda hakuwa na ya kutosha, na Kaniki akaongeza maziwa. Kila asubuhi Foibe akakaa kwenye kigoda kukama. Siku ya kwanza ndoo ikamwagika. Siku ya pili Foibe akamwagika. Siku ya tatu maziwa yakalia ndooni, chwii, chwii, na Foibe akapiga kelele kwa furaha, Kaniki akashtuka, ndoo ikamwagika tena.

"Nyamaza ukikama!" akafoka Nakunda. "Mwimbie, usimpigie kelele!"

Miezi ikapita, siku ikafika. Akina mama wakakusanyika mpakani. Nakunda akaileta kamba, na Chaki mwishoni mwa kamba, amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Foibe akanyoosha mkono. Nakunda naye akanyoosha mkono, lakini vidole havikufunguka.

"Mama Nakunda," akasema mwenyekiti polepole.

"Najua."

Havikufunguka.

Foibe akasema, "Usiniachie. Mlete mwenyewe. Nitatangulia kuwaonyesha njia."

Basi wakaenda watatu. Foibe mbele, Nakunda katikati, Chaki nyuma. Kule ng'ambo Kaniki akalia, na Chaki akaitika, na Nakunda hakugeuka. Wakaingia kwenye banda lile lililofagiwa kila asubuhi. Chaki akanusa nguzo, akanusa hori, akasimama amechanganyikiwa.

Foibe akachukua majani machanga. Hakushika fimbo. Akayashika kwa ncha za vidole.

"Kiganja wazi," akasema Nakunda. "Hivyo. Usimwogope, yeye ndiye anayekuogopa."

Chaki akatazama. Akanyoosha shingo. Akala mkononi mwa Foibe.

Nakunda akafungua vidole, kamba ikaanguka. Akageuka aondoke.

"Unakwenda wapi?" akauliza Foibe. "Kaa kwanza. Chai iko motoni."

Akakaa.

Na mimi niliwaacha wamekaa hivyohivyo, hadithi ikanishika mkono, ikanileta kwenu. Utamu wake chukueni mwende nao, chumvi yake niachieni mimi. Aliyesikia, amekunywa. Aliyesinzia, aamke akaombe kwa jirani.