Mawe Juu ya Kaburi la Frumet

Kabla hujamnunia jirani yako leo, soma hii mpaka mwisho.

Zamani, katika mji mmoja wa Marekani, Wayahudi walikuwa wachache mno. Hata sinagogi hawakuwa nalo. Walikuwa na kiwanja cha makaburi tu, nje ya mji, na aliyekihangaikia mpaka kikapatikana ni mzee Gershon, fundi kofia. Masikini, wa kwanza kuzikwa humo akawa mkewe, Frumet.

Wayahudi huweka jiwe dogo juu ya kaburi, kama kusema: nilikuja, sijakusahau. Gershon aliweka lake kila wiki. Na kila wiki alikuta limetoweka!

"Hawatutaki sisi tulio hai, na wafu wetu pia hawawataki?" aliwalalamikia wenzake. "Nitamfukua, nikamzike kwingine."

"Kufukua maiti ni mwiko kwetu, Gershon!"

"Bora mwiko kuliko matusi."

Lakini kwanza alitaka kumwona huyo mchokozi. Asubuhi moja akajibanza nyuma ya ukuta wa makaburi, fimbo mkononi. Mara akaingia mama mmoja Mkristo, dobi wa mtaa wa pili, jina lake Honora. Akainama kaburini, akaokota jiwe, akalivurumisha nje. Gershon akachomoka mbio.

"Wee mama! Marehemu amekukosea nini?"

Honora alishtuka, ila hakukimbia. "Afadhali umekuja, baba! Kuna mahayawani wanamrushia mawe huyu maiti wa watu. Kila wiki nikipita hapa naondoa, kila wiki wanarusha tena. Siku nikiwakamata watanitambua!"

Jamani! Fimbo ilimdondoka Gershon. Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio.

"Hayawani mwenyewe ndiye mimi," akasema, akamweleza mila yao.

Honora akashika kichwa. "Yesu wangu! Na nimeyatupa yote!"

"Hukujua, mama. Nami sikuuliza."

Kisha Honora akajikalia kwenye majani, akatazama kaburi. "Aliitwa nani?"

Tangu mazishi, hakuna jirani hata mmoja wa mji ule aliyewahi kumuuliza hivyo. Gershon akaketi, akaanza kusimulia. Jua lilipanda mpaka utosini, naye alikuwa hata harusi yao hajaifikia. Habari za kufukua hazikusikika tena.

Funzo: Usimhukumu mtu kwa alichokifanya kabla hujamuuliza kwa nini amekifanya. Huenda unayemwinulia fimbo ndiye anayekulindia mtu wako.