Watoto wa Bi Pingili Wakosa Sare

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na maboma na mifugo yao, Mzee Nyati alifuga nyoka-mfalme. Msikimbie, wanangu! Huyo hana sumu, na chakula chake ni nyoka wenye sumu. Aliitwa Bi Pingili, maana alikuwa mweusi mwenye pingili nyeupe, kichwa hadi mkia. Tangu aje, swila, nyoka wale wenye sumu, hawakutia pua pale. Jirani yao Pimbi, aliyeishi kwenye mawe ya ua na watoto wake sita, akawa analala usingizi wa pono.

Asubuhi moja mayai ya Bi Pingili yakapasuka. Ta! Akatoka mtoto mwenye pingili. Nyati akachekelea. Ta! Akatoka wa pili, pingili hana, ana mstari mmoja mrefu mgongoni. Nyati akakodoa macho. Ta! Wa tatu akatoka mweupe pe!

"Lahaula!" Nyati aliruka nyuma, akaupiga teke mtungi wa maji, pwaa! "Mama mmoja, watoto rangi tatu?"

Kwa Nyati, arusi ni sare, matanga ni sare. Mwenye nguo tofauti alihesabiwa mgeni. Ndiyo maana alishtuka hivyo.

"Hawa wawili ni wa kuokota! Nawaponda, na mama yao atoke!" Akainua kwato.

Pimbi akachomoka maweni. Bi Pingili akifukuzwa, swila watarudi, na wanawe sita wataliwa!

"Ngoja, mjomba! Umesema kweli tupu. Lakini jambo kubwa hivi utalifanya kimyakimya? Ita majirani, uape, iwe sheria ya boma!"

Nyati akavimba kichwa. Majirani wakajaa uani.

"Naapa! Asiyefanana rangi na mama yake si wa hapa. Atoke leo hii!"

"Awe nani, mjomba?"

"Awe yeyote!"

"Hata mwenye pembe?"

"Hata mwenye pembe, wee Pimbi!" Akapiga kwato chini, puu!

"Basi tumwite shahidi mmoja tu." Pimbi akapiga mluzi.

Nyuma ya jiko akatokea mama yake Nyati, anajikongoja, mwekundu kama udongo wa kichuguu. Akasimama kando ya mwanawe, aliye mweusi tii!

Majirani wakamtazama mama, wakamtazama mwana. Nyati naye akajitazama miguu kana kwamba si yake. Majani aliyokuwa akicheua yakamdondoka.

"Mama... mimi... wewe..."

"Kumbe nilikuokota?" mama yake akauliza. "Haya mwanangu, nikufungie virago?"

Uani kukalipuka vicheko. Nyati akainamisha pembe, akasema: "Sheria... sheria nimeifuta!"

Bi Pingili akawazungushia wanawe watatu mkia wake, na Pimbi akarudi maweni kwa wanawe sita.

Basi wanangu, kabla hujamfukuza mtu kwa rangi yake, kamtazame kwanza mama yako.