Kifaru na Ukoka Wake wa Vuli

Paukwa!
– Pakawa!
Kumekauka?
– Kumelowa!
Nani kamwaga maji?
– Si mimi!
Si wewe, nani tena? Mwitike kwa nguvu, nyie wa huko nyuma, mnaitika kama mmekula kiporo!

Basi, hapo kale Kifaru alikuwa na uwanja wa ukoka kando ya mto. Ukoka mtamu, laini, na hapati mtu mwingine hata jani moja. Jua la kiangazi lilipowaka, Kifaru akatoa amri: "Kila asubuhi, kila mnyama, kibuyu kimoja!" Wanyama wakateka, wakamwaga. Mwaa! Kibuyu kwa kibuyu, mwaa! Ukoka ukanawiri. Hapo sina ugomvi naye, maana nchi ilikuwa kavu.

Kiangazi kikaenda zake, vuli ikaingia. Mawingu yakatanda, manyunyu yakaanguka, udongo ukapoa. Lakini amri ikabaki palepale. Kibuyu kwa kibuyu, mwaa!

Sasa, chini ya ukoka alikaa Fuko, kile kinyama kidogo kinachochimba mashimo, na wanawe. Maji ambayo ukoka haukuyataka tena yakashuka kwake. Chubwi! Kitandani. Chubwi! Jikoni.

"Mama, tunaelea!" wakalia watoto.

Fuko akalia nao. Kisha akapanguza machozi, akatoka juu.

"Shikamoo, Baba Kifaru. Vuli imeingia. Ukoka sasa unataka maji kidogo tu, tena siku isiyo na mvua. Ukizidisha utaoza, na wanangu watakufa maji."

"We kipofu wa shimoni!" Kifaru akafoka. "Maji ni mema. Mengi ni mema zaidi!"

Fuko akainama mpaka pua ikagusa chini.

"Nisamehe, Baba. Nimekosa adabu. Kwa mkubwa kama wewe, kibuyu kimoja ni dharau. Si afadhali vitatu?"

"Saba!" akasema Kifaru.

"Na jioni je?"

"Na jioni!"

Wanyama wakamtolea Fuko macho. Digidigi akamnong'oneza, "Dada, mbona unatumaliza?"

"Nyie mwageni tu," akasema Fuko.

Akawahamishia watoto kwenye kichuguu, pakavu. Kisha akarudi chini ya ukoka, akachimba. Juu, mwaa! Chini, kwaru kwaru! Juu, mwaa! Chini, kwaru kwaru!

Asubuhi moja Kifaru akaja kula, tumbo mbele. Akakanyaga, chapwi! Akakanyaga tena, chapwi! Akakanyaga mara ya tatu, didiii! Tope likamfika kwapani.

"Nitoeni!"

"Baba, mbona umekaa?" akauliza Fuko. "Jamani, leteni vibuyu, mkubwa ana kiu!"

"Hapana! Yatosha!"

"Lakini mengi ni mema zaidi."

"Yatosha, nimesema!"

"Na kesho?"

"Kesho msimwage!"

"Na mvua isiponyesha?"

"Kidogo! Kidogo tu!"

"Na ukoka huu ni wa nani, Baba?"

Tope likapanda, blu, blu.

"Wa wote!"

Hapo wakamfunga kamba za mwituni. Vuta! Eee! Vuta! Eee! Pwaa! Akachomoka. Wanyama wakacheka hadi mbavu zikawauma, na jioni ile wakala pamoja ukoka wa pembeni usiozama, watoto wa Fuko wakibiringika juu yake kwa furaha. Kifaru naye tangu siku hiyo hatembei bila tope mwilini. Ukimuuliza, atakwambia ni dawa ya ngozi.

Ngano imekauka hapo. Anayeitaka mbichi, aende mtoni na kibuyu chake.

Funzo? Lipo, wanangu. Watiini wakubwa. Mkubwa akisema mwaga, usimbishie kwamba majira yamegeuka, ni utovu wa adabu huo. Itika "ndiyo, Baba," kisha mwongezee maji.