Kinda wa Bi Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mliolala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifuga wanyama wenzao, aliishi Bi Pimbi juu ya jabali. Alikuwa na mwana mmoja tu. Tai akaja mchana kweupe, fyuu, akamnyakua. Tangu hapo nyumba ikawa kimya, na kimya kile kikamtesa.

Akaona heri afuge. Akashuka bondeni kwa Mama Bata, mwenye watoto tele, akaomba kinda wa kulea. Akawatazama wote, akamchagua mdogo kuliko wote, wa manjano, aliyemkimbilia miguuni.

"Chukua wawili, dada," akasema Mama Bata. "Sisi hatukai mmoja mmoja."

"Mmoja ananitosha."

Moyoni alijisemea kwamba wakiwa wawili watapendana wao kwa wao, naye atabaki mtumishi wao. Mnamwona? Alitaka apendwe yeye tu. Msimcheke, aliyefiwa ana mambo yake.

Akapanda naye jabalini. Akamwita Wangu. Akamchimbia nyungunyungu, akamchanganyia pumba, akamlaza kifuani. Kinda akala, akashiba, akalia. Pii? Pii? Bi Pimbi akamwongezea pumba. Pii? Akamfunika kwa majani makavu. Pii? Akamwimbia mpaka sauti ikamkauka.

Siku moja akamwekea bakuli la maji. Kinda akachungulia, akanyamaza. Mle ndani aliona kinda mwenzake. Akainamisha shingo, na yule akainamisha. Kutwa nzima akazungumza na maji.

Bi Pimbi akaumia. Mimi namchimbia, mimi namlaza, halafu furaha anapewa na bakuli? Wivu ukampanda, akalipiga teke. Maji mwaa, yakapotelea mawemaweni.

"Tazama huku," akamwambia. "Mimi ndiye mwenzako."

Kinda hakutazama. Akakaa pale penye unyevu. Pumba hakuzigusa tena. Sauti ikapungua siku hata siku. Pii. Pi. Kisha kimya.

Bi Pimbi akambeba akiwa amekwisha kupoa, akamrudisha bondeni, akaeleza yote bila kuficha, hata lile teke. Mama Bata hakumgombeza. Alimfunika mwanawe kwa bawa, akalia.

Kando yao kinda mmoja alikuwa amepotea kwenye matete. Akaita: Pii? Papo hapo wenzake wakamjibu: Pii, pii, pii! Akatoka mbio kuwafuata.

Bi Pimbi akasimama palepale. Kumbe haikuwa njaa, wala haikuwa baridi. Wangu alikuwa akiuliza wenzake wako wapi, na kule jabalini hakuwapo wa kumjibu. Akalia kuliko alivyomlilia mwanawe, maana yule alichukuliwa na tai, na huyu alimuua yeye mwenyewe kwa kumpenda.

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikilizi, bata msimfuge mmoja. Na mkimpenda kiumbe, mpeni anachohitaji yeye, si mnachohitaji nyie.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka kulia na alie, hapa hakuna wa kumcheka.